Debe Lililojipanga Lenyewe

Gari moshi lilipoondoka Isaka, Serafina alimpakata mwanawe anyonye, masikio akayaacha kwa majirani zake: Mama Telesphori, mkulima wa Bukombe, na Mzee Taherali, mwenye duka Shinyanga.

"Mvua zimeanza, mbegu zangu ndizo hizi!" Mama Telesphori alilalamika, akilishika debe miguuni. "Nilitia njugu mawe chini, mtama juu, nikasahau kuweka gunia katikati. Kwa mtikisiko huu zitachanganyika; nitapanda nini?"

"Pika tu, mama. Chumvi nitaleta mimi," Mzee Taherali akatania.

"Na mwakani wanangu wale utani wako?"

Gari liliruka njia nzima, kama lina ugomvi na reli. Walipokaribia Shinyanga, Mama Telesphori akafunua debe kwa woga.

"Mayoo! Tazama!"

Njugu karibu zote zilikuwa juu, zimejaa kama mayai kwenye kiota. Mtama ulikuwa umetulia chini.

Mzee Taherali akavua miwani. "Nani kazipanga?"

"Mtikisiko. Mtama umepenya kwenye nafasi, njugu zikapanda."

"Mtikisiko hauna akili, mama!"

"Hata mvua haina, baba, na mbegu zinaota."

"Mvua ina mwenyewe."

"Na mtikisiko je, hauna?"

Serafina akatabasamu. Akavifungua vidole vya mwanawe, vitano na vitano. Naye hakukipanga hata kimoja.

Mara breki zikalia, behewa likasukasuka. Mama Telesphori akalikumbatia debe kwa mikono miwili.

"Basi, dereva, basi! Zimeshajipanga!"