Mama Sumaku na Picha ya Mkono wa Kulia

Marehemu dada yetu, ambaye wanafunzi wake walimwita Mama Sumaku, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi redio na mshona nguo. Marehemu mama alisimulia kwamba wasiwasi alizaliwa nao: akishafunga mlango, lazima arudi kuusukuma. Sumaku yake ya kwanza aliing'oa kwenye spika ya mteja wa baba, akaitumbukiza kwenye kopo la pini za mama. Alichapwa na wote wawili, kila mmoja kwa sababu yake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kuingia chuo kikuu mwaka 1977 kusoma fizikia. Kitabu cha mwaka wa kwanza kilianza na chaji zilizotulia, kikapanda mlima wa hesabu, na sumaku zikaja mwishoni kabisa, watu wamechoka na mtihani unabisha hodi. Alifaulu vizuri sana. "Nilipasi kama kasuku," alikuwa akisema, na jambo hilo lilimkosesha raha maisha yake yote.

Kuanzia mwaka 1981 hadi alipostaafu mwaka 2019 alifundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Siku ya kwanza aliweka mezani waya, betri na dira, wakaona sindano ikigeuka. Hesabu zilifuata baadaye. Aliwafundisha kuushika waya kwa mkono wa kulia: dole gumba likielekea unakokwenda umeme, vidole vingine huonyesha nguvu ya sumaku inazungukia wapi. Lakini kwenye mtihani mkono wa kulia umeshika kalamu, basi wengi walipima kwa wa kushoto, na jibu likatoka kinyume. Kwa hiyo alipita kati ya madawati akinong'ona, "Kalamu chini, wanangu. Kalamu chini kwanza." Kisha alirudi nyumbani na kukosa usingizi, akiwaza nani hakumsikia.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na seremala aliyekuja kutengeneza meza za maabara. Walijaliwa binti na mvulana. Shemeji alipenda kututania: "Dada yenu akizima jiko, tunarudi njiani kulitazama. Harusi nyingi tumezikuta zimekwisha."

Baada ya kustaafu aliandika kitabu chake mwenyewe cha umeme na sumaku, chenye mpangilio aliotamani kuusoma yeye. Picha ya mkono ulioshika waya ilikuwa bado haijapigwa alipopata kiharusi mwezi Februari mwaka huu. Upande wa kulia ukafa ganzi, na ulimi ukawa mzito. Shemeji akapigwa picha mkono wake badala yake.

Kurasa za mwisho zililetwa wodini siku ambayo mitambo ilikuwa ianze kuchapa. Alipofika kwenye picha ile, akaanza kuupiga ukurasa kwa mkono wa kushoto, machozi yakimtoka. Nesi akaleta maji. Binti yake akafunga dirisha. Mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea hapa, alimwambia atulie, kitabu kimependeza, akatupiwa jicho ambalo hatalisahau.

Shemeji alishika chuma cha kitanda kwa mkono wa kulia, dole gumba juu, kama siku ya picha, akatazama ukurasa. Vidole vyake vilijikunja upande mmoja, vya pichani upande mwingine. Mchapaji alikuwa ameigeuza picha ili ielekee katikati ya kitabu, na mkono wa kulia umekuwa wa kushoto.

"Wataelewa kinyume," alisema shemeji. Marehemu akafumba macho, akaitikia kwa kichwa.

Shemeji akakimbilia kiwandani. Tulikaa na marehemu, ametumbulia macho simu iliyokuwa kitandani. Ilipoita, binti yake alimwekea sikioni. "Hawakuwa wameanza," shemeji alisema. "Wameirudisha. Nimesimama hapa hapa, nimeona mwenyewe. Ni wa kulia."

Marehemu alivuta pumzi ndefu, akasema kwa taabu, "Kalamu chini." Hakusema tena. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 18 Machi, akiwa usingizini, jambo ambalo kwake lilikuwa adimu.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, kaka na mdogo wake, na vijana wa mwaka wa kwanza watakaoufungua ukurasa ule bila kujua ulivyotutoa jasho.

Dada, mlango tumeusukuma, umefungwa. Jiko limezimwa. Mkono ni wa kulia. Sasa pumzika kwa amani.