Gramu, Fundi Mizani Aliyebakiza Nusu ya Chai

Wasifu huu umeandikwa na mjane wa marehemu. Anayeusoma ni mdogo wake marehemu wa kiume, ambaye tangu juzi amekuwa akilalamika kwamba ni mrefu na una mambo mengi ya ndani. Mjane amempa maagizo mawili tu: asome kwa sauti, na asiruke mstari.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Jumamosi, tarehe 11 Machi 1961, katika nyumba namba saba ya wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne. Baba yake alikuwa mwendesha tanuri na mama yake mshonaji. Jina la Gramu alilipata akiwa na miaka sita, alipoanza kukata mkate wa ndugu zake kwa kuupima na rula ya baba. Mdogo wake, huyu anayesoma, anadai mpaka leo kwamba alikuwa akipunjwa. Kila alipolileta dai hilo marehemu alimjibu neno lilelile: "Lete ushahidi."

Alisoma shule ya msingi ya kiwandani kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari, na mwaka 1979 akaingia chuo cha ufundi, alikotoka miaka miwili baadaye na cheti cha ufundi wa mitambo midogo. Huko chuoni alipewa alama arobaini na tisa kati ya hamsini katika mtihani wa vipimo. Akaenda ofisini kwa mwalimu kumweleza kwamba amekosea kusahihisha, alistahili arobaini na nane. Mwalimu akamwambia, "Kijana, nenda zako kabla sijabadili mawazo." Gramu hakuondoka mpaka alama ile moja ilipofutwa.

Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa idara ya vipimo, akazunguka sokoni, madukani na viwandani kwa miaka kumi na saba akikagua mizani na kuitia lakiri, ule muhuri wa kuruhusiwa kutumika. Mwaka 1999 alifungua karakana yake mwenyewe katika mtaa wa nyuma ya posta: chumba kimoja, dirisha moja, meza ndefu, na sanduku la mawe ya mizani ya shaba yaliyopangwa kuanzia kubwa hadi dogo kama ukucha. Mawe hayo hakuyashika kwa mkono hata siku moja. Aliyashika kwa koleo, kwa sababu jasho la kidole nalo lina uzito. Mteja aliyesogea karibu mno aliombwa arudi nyuma hatua mbili na asipumue kwa nguvu.

Alikutana na mkewe Juni 1986, katika duka la vifaa vya ujenzi ambako binti huyo alikuwa akiuza misumari kwa kilo. Gramu alipima mizani ya duka mara tatu, akaing'oa lakiri yake.

"Unatufungia duka kwa gramu thelathini?" binti alimuuliza.

"Thelathini kwa kila kilo, dada."

"Watu hawali misumari, kaka."

Alirudi kesho yake kuitengeneza mizani ile bila kuitwa, na kesho kutwa akarudi kuhakikisha kama bado iko sawa. Wiki ya tatu, mwenye duka alimwambia waziwazi kwamba mizani imepona na anayeumwa ni fundi. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1988, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2004 kiwanda kimoja cha nchi jirani kilimwita akarekebishe mizani ya malori. Alikuwa ameshakwenda huko mara tatu na kurudi salama. Wakati huo serikali yetu ilikuwa imewashika maofisa wawili wa nchi ile kwa kesi ya magendo, na nchi ile ilikuwa ikitafuta raia wetu wawili wa kuwashika. Wa kwanza walimpata mpakani Jumanne, tarehe 12 Oktoba. Huyo alikuwa dereva wa lori aliyejulikana kwa jina la Usukani. Wa pili alikuwa Gramu. Alikamatwa uwanja wa ndege Alhamisi, tarehe 14, na sanduku lake la mawe ya shaba likawekwa mezani kama ushahidi wa ujasusi. Daftari lake la vipimo walisema ni maandishi ya siri. Kesi ilikaa miezi kumi na tisa bila kusikilizwa, kisha ikasikilizwa kwa dakika arobaini. Alihukumiwa miaka kumi na miwili. Mahakamani halikutajwa hata mara moja suala la wale maofisa wawili, lakini ubalozini lilisemwa mchana kweupe: rudisheni wetu, tutarudisha wenu.

Mkewe alijifunga kibwebwe. Kila Jumatatu alikwenda wizara ya mambo ya nje, ghorofa ya pili, akakaa kwenye benchi lililo karibu na dirisha na chupa yake ya chai mapajani. Walimpiga danadana. "Mama, tunalishughulikia." "Mama, mhusika yuko safarini." Naye alijibu kwamba atamsubiri mhusika, na akamsubiri. Jumla zilikuwa Jumatatu mia mbili na hamsini, na alizikosa mbili tu kwa homa. Katika kila barua aliyoruhusiwa kumpelekea mumewe alimweleza habari za benchi lile, karani gani amehamishwa na karani gani amepata mtoto. Mwaka 2006 alimfumia sweta la kijivu na kulipeleka kwa kifurushi, kwa kuwa aliambiwa huko kuna baridi.

Mwaka huohuo nchi ile ilimwachia kocha mmoja wa kigeni iliyemshika kwa mtindo uleule. Yeye alikaa miezi mitatu tu, maana kwao ni taifa kubwa. Mke wa kocha alionyeshwa kwenye televisheni akiwa na shada la maua, mumewe kamshika kiuno. Mke wa Gramu alikuwa akitazama kwa jirani. Aliinuka akaizima televisheni ile, ya watu, akarudi kwake bila kuaga. Alimwonea wivu mwanamke yule kwa roho yake yote, na hajamwomba msamaha mpaka leo, wala jirani.

Juni 2008 simu ililia kutoka wizarani. Serikali yetu ilikuwa imemwachia mmoja wa wale maofisa wawili, kwa hiyo mmoja wa watu wetu angefika kesho. Ni yupi? Karani hakujua. Mke wa Gramu yeye alijua. Nani mwingine alikuwa amekaa kwenye benchi lile? Alipiga pasi shati la buluu, akafunga viatu kwenye mfuko, akawachukua mabinti, wakawa uwanjani tangu saa moja asubuhi.

Ijumaa ile, tarehe 6, mlango wa abiria ulipofunguliwa, kitu cha kwanza alichokiona ni sweta la kijivu. Aliujua ufumaji wake, alijua na kosa la begani alilolifanya akiwa na usingizi. Alikimbia, akamshika mwenye sweta kwa mikono miwili, ndipo akainua uso. Hakuwa Gramu. Alikuwa mwanamume mfupi mwenye macho yaliyochoka, na mikono ya sweta ilimfunika vidole.

"Shemeji," alisema, "yuko mzima. Amenipa hili kwa ajili ya baridi."

"Livue," mke wa Gramu alimwambia.

Usukani, yule dereva wa lori, alilivua palepale mbele ya watu, akalikunja, akampa, akatoka nje na fulana. Mjane anaandika jambo hili kwa sababu waliokuwepo wanalikumbuka, na ni heri walisikie kutoka kwake. Alimchukia mtu yule. Nafasi aliyoitafuta yeye, kwa miguu yake na kwa Jumatatu zake, ilikuwa imekaliwa na mwingine, amevaa na sweta.

Jumatatu iliyofuata alirudi kwenye benchi. Karani alipomwona aliinamisha uso.

Ofisa wa pili aliachiwa mwaka uliofuata, na Gramu alirudi Jumatano, tarehe 29 Julai 2009. Alieleza kwamba walinzi waliwaambia wachague wenyewe nani atangulie, wakapiga kura kwa njiti za kiberiti, na yeye akashindwa.

"Fundi mzima unashindwa na njiti?" mkewe alimuuliza.

"Hata mimi nilishangaa," alisema, akabadili mazungumzo.

Alifungua tena karakana na alifanya kazi vizuri kama zamani. Nyumbani lakini alikuwa na jambo jipya. Kila chai aliyopewa alikunywa nusu, akakiweka kikombe katikati ya meza. Mkewe aliongeza sukari, akapunguza sukari, akabadili majani, akanunua vikombe vidogo, na vidogo navyo vikabaki nusu. Ilipita miaka miwili ndipo Gramu akamweleza sababu. Kule yeye na Usukani walifungwa chumba kimoja, wakapewa kikombe kimoja cha bati kwa watu wawili. Gramu alichora alama kwa msumari katikati ya kikombe, wa kwanza akawa anakunywa mpaka kwenye alama, kisha anampa mwenzake. Walianza kwa zamu. Miaka ilikuwa imepita na mkono ulikuwa haujasahau.

Kwa hiyo mkewe akagundua kwamba kila asubuhi amekuwa akimwandalia chai mtu wa tatu. Roho ilimuuma kuliko angeambiwa kuna mwanamke mwingine, maana mwanamke angejua la kumfanya.

Zaidi ya hayo zilikuwepo Ijumaa. Kila Ijumaa jioni Gramu alikaa kwenye ngazi za nyuma akampigia simu Usukani, na mkewe alitafuta kazi ya kufanya karibu na dirisha. Mazungumzo yenyewe hayakuwa na kichwa wala miguu. Ni taa iliyokuwa ikipepesa, ni mlinzi aliyekuwa akikoroma wima. Lakini Gramu alicheka kicheko ambacho ndani ya nyumba hakikuwahi kusikika tangu arudi. Mkewe alijaribu siku moja kumsimulia habari ya mlinzi yuleyule, neno kwa neno. Gramu alitabasamu kwa adabu.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, alimsimamia bila kuchoka. Mwezi Januari mwaka huu, alipolazwa, aliomba aitwe Usukani. Usukani aliendesha siku nzima, akafika, akamnyoa ndevu taratibu, huku mke wa Gramu amesimama ukumbini na taulo ambalo hakuna aliyeliomba. Gramu alifariki Jumapili, tarehe 12 Februari 2023, saa tatu asubuhi, siku ishirini na saba kabla ya kutimiza miaka sitini na miwili. Alikuwa ametoka kunywa chai. Alibakiza nusu.

Hapa ndipo wasifu huu ulipokuwa umefika Alhamisi hii, na jina la Usukani halikuwemo katika orodha ya wafiwa. Alasiri ile alifika nyumbani, akakaa jikoni. Mjane alimmiminia chai kwa sababu mgeni ni mgeni. Usukani alikunywa nusu, akakisogeza kikombe katikati ya meza, wala hakujua kwamba amefanya hivyo.

"Zile njiti," mjane alimuuliza. "Ilikuwaje?"

"Kwani hakukwambia, shemeji?"

"Alisema alishindwa."

Usukani alitikisa kichwa. "Alishinda. Ndefu aliishika yeye. Halafu akaniambia, nenda wewe. Nikamwambia una wazimu, wewe una mke na watoto. Akasema ndiyo maana. Akasema, 'Mimi nikibaki, kuna mtu wizarani kila Jumatatu, hawatapata nafasi ya kunisahau. Wewe ukibaki, nani atakuulizia?' Na ni kweli, shemeji. Mama alikuwa ameshafariki, mke ameshaondoka. Sikuwa na mtu."

"Mbona hakuniambia?"

"Aliogopa utasema amekutwika mzigo bila kukuuliza."

"Ningesema," alijibu mjane. "Ningesema mpaka majirani wasikie."

Miaka kumi na minne na miezi minane alikuwa amemwonea wivu mtu huyu kwa kuchaguliwa yeye. Gramu, mtu ambaye hakuamini mizani yoyote mpaka aipime mara tatu, alikuwa ameweka maisha yake juu ya benchi lile la ghorofa ya pili, na hakupima hata mara moja. Mjane asidanganye mtu hapa: wivu haujaisha. Angependa kumnyoa yeye zile ndevu. Lakini alikivuta kikombe kilichokuwa katikati ya meza, akamalizia ile nusu. Ilikuwa imepoa. Kisha alikwenda kabatini.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mmoja muuguzi na mmoja mwalimu wa hesabu, wakwe wawili wa kiume, wajukuu watatu, dada mkubwa, na mdogo wake wa kiume, huyu anayesoma, ambaye leo mjane anakiri kwamba huenda alipunjwa kidogo. Ameacha pia mwenzake wa kikombe, dereva wa lori, aliyeketi mstari wa mbele pamoja na familia. Mtamtambua kwa sweta la kijivu linalomfunika vidole. Safari hii hatalivua.

Apumzike Gramu wetu, asishikwe na mtu tena. Jumatatu mkewe atafika kumuulizia, kama kawaida.