Jicho la Mama Mkwe na Chuma Chekundu

Bwana asifiwe, wapendwa! Wa mbele nimewasikia. Wa nyuma huko, Bwana asifiwe na kwenu pia!

Ndugu zangu, mimi mnayeniona hapa niliwahi kuamini kwa moyo wangu wote kwamba mwanamke akikitazama chuma kikiwa chekundu motoni, chuma hicho kitapasuka. Na akikitazama mama mkwe, ndiyo basi kabisa, hata nyundo yako itapata ufa! Habari hii nilipewa na jamaa mmoja gereji pale Buzuruga, anakunywa uji, na uji mwingine uko kwenye ndevu. Sikumwuliza hata swali moja. Mimi! Mwenye cheti cha kidato cha nne nilichokitafuta ukubwani kwa masomo ya usiku, miaka minne nikisinzia kwenye dawati la watoto! Mimi niliyepata C ya fizikia na kuitangaza mtaani mpaka mbuzi wakaijua! Nimesimama kushuhudia kwamba Bwana amenifungua kutoka kwenye hasira, lakini sitawadanganya: kuna kidogo niliyoibakiza akiba, kwa ajili ya uongo ule.

Kazi yangu ni ya stoo, natunza saruji. Uhunzi niliuanza kwa kupenda tu, baada ya kuona video kwenye simu. Nyuma ya nyumba yangu kuna jiwe, mnayajua mawe yetu ya Mwanza, lilifika pale kabla ya mtaa. Juu ya jiwe nikaweka kipande cha chuma kizito cha kugongea. Kando nikajenga tanuru dogo la mkaa lenye feni ya kuzungusha kwa mkono, nikazungushia mabati. Ikifika Jumamosi mchana mimi ni mfalme. Nilikuwa nagonga, jamani! Wavuvi wa Igombe walikuwa wanatazama juu wakidhani ni radi.

Nilitaka kitu kimoja tu: kumfulia mke wangu, Mama Sayi, kisu cha kuparia samaki, sato wetu wa ziwani. Cha dukani kilikuwa kinapinda hata kwenye nyanya. Nikapata spring chakavu ya lori, nikaikata, nikaipasha moto, nikaigonga mpaka ikawa kisu kizuri. Ili kiwe kigumu, nikakipasha tena hadi kikawa chekundu, nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya baridi kama nilivyoona kwenye video. Kikalia: ting! Ufa mwembamba kama unywele, toka makali hadi mgongoni.

Mara ya kwanza nilisema ni bahati mbaya. Mara ya pili nikakumbuka maneno ya gereji. Nikageuka, na kweli, Mama Sayi alikuwa amesimama hapo na kikombe.

"Toka! Unanipasulia chuma!"

"Jamani, Baba Sayi, mimi nimekuletea chai."

"Chai iache, macho yaondoe!"

Alicheka, akidhani natania. Mimi sikuwa natania. Nikaziba matundu ya mabati kwa matambara. Nikamkataza kuanika nguo uani. Visu vikaendelea kupasuka, cha tatu, cha nne, cha saba, na kila kikilia ting, nilitoka na moto wa tanuru nikauingiza ndani ya nyumba. Niligombana na ugali. Niligombana na redio. Mke wangu akaanza kutembea kwa kunyata ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa sababu ya kisu nilichosema ni zawadi yake! Ndugu zangu, nikikumbuka najiona mjinga wa kiwango cha mkoa.

Kisha akaja mama mkwe kutoka Misungwi na kapu la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Sisi Wasukuma tunajua mkwe anavyoheshimiwa. Mama mkwe unampisha njia, humkodolei macho, humpandishii sauti hata nyumba ikiungua. Yeye alikuja kwa njia ya nyuma, akasikia mlio wa nyundo, akachungulia kwenye pengo la mabati. Mimi ndiyo natumbukiza kisu cha nane. Ting!

Nikamfokea. Mama mkwe wangu! Majirani wawili wako ukutani wanasikia! Nikamwita mchawi.

Ndugu zangu, mnajua neno hilo huku kwetu linamfanya nini mwanamke mzee. Mnajua. Watu wamekufa kwa neno hilo, na mimi nililitoa kwa ajili ya kipande cha spring ya lori! Hapo ndipo hasira yangu ya leo ilipo, na ninaona Mungu hajaniambia niiache.

Mama aliweka kapu chini, akageuka, akaenda. Mama Sayi akambeba mtoto mgongoni akamfuata. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Sasa kitazame chuma chako peke yako."

Jumamosi iliyofuata nikafunga geti kwa kufuli. Uani hakuna mwanamke. Nikapasha kisu cha tisa, nikatumbukiza. Ting!

Nikatazama kulia, hakuna mtu. Kushoto, hakuna mtu. Juu ya jiwe kulikuwa na kuku, tetea. Nikaokota nyundo nimfukuze huyo kuku kwa sababu ni jike, na mkono ukiwa juu hivi, nikajiona. Wapendwa, nilijiona! Niliitupa nyundo, nikakaa kwenye vumbi la mkaa, nikalia mpaka kuku akaondoka kwa aibu. Nikasema, "Bwana, hakuna aliyebaki wa kulaumu. Nimebaki mimi. Niokoe na mimi."

Naye akaniokoa. Nilipanda gari kwenda Misungwi na wale majirani wawili, maana neno baya lililosemwa mbele ya watu halifutwi uchochoroni. Nikapiga magoti mbali, katikati ya ua, nikatamka kwa sauti kwamba nilisema uongo, kwamba mama huyu hana kosa, mwenye kosa ni mimi. Mama alikuwa jikoni, hakutoka. Kwa heshima ya ukwe alisema nami kupitia binti yake: "Mwambie mumeo ainuke, anaharibu suruali ya kanisani."

Bwana asifiwe! Mke wangu alikaa huko wiki mbili zaidi, na alikuwa na haki, kisha akarudi nyumbani na mtoto. Matambara nimeyatoa kwenye mabati. Namshukuru Mungu, nawashukuru majirani wale. Na wewe uliyekaa hapo na moto kifuani, unayemtafuta wa kumlaumu, usingoje ubaki na kuku. Mkabidhi Bwana leo, anapokea hata wajinga. Mimi ni kielelezo!

Na ninyi akina baba mtakaonivuta pembeni tukitoka, mkiuliza chuma kilikuwa kinapasukia nini, nawajibu kama nilivyojibiwa siku ile ile, kutoka jikoni:

"Mwambie mumeo, baba yangu alikuwa mhunzi na hakuwa na mtoto wa kiume. Mimi ndiye niliyemvukutia moto tangu utoto, nikikitazama chuma kutwa nzima. Chuma hakijui nani anakitazama. Spring ya gari inapasuka ukiizamisha kwenye maji ya baridi. Atumie mafuta."