Agrippina Scollo, Aliyepima Mtetemo wa Mashine za Zeituni (1961–2019)

Mpendwa wetu Agrippina alizaliwa Mineo, Sisilia, tarehe 9 Februari 1961, kitinda mimba wa mzee Gaetano na mama Carmela. Kwa ubishi wake, mama yake alikuwa akisema padri alimzidishia chumvi ulimini siku ya ubatizo.

Alisoma hapa Mineo, kisha Catania, alikohitimu uhandisi wa kilimo mwaka 1986.

Kazi yake ilikuwa kupima mtetemo unaopenya mikononi mwa wavunaji washikao fito za mashine, zile zinazotikisa matawi ili zeituni zidondoke. Novemba 1994 alifika shambani kwa akina Laterra. Nao, kwa heshima ya mgeni, wakamtolea mashine mpya, kama mtu anavyotoa sahani za kabatini. Vipimo vikawa vizuri, akawaambia wanaweza kuvuna siku nzima bila wasiwasi. Kesho yake Nunzio, mtoto wa mwenye shamba, akarudia mashine yake kuukuu. Alivuna nayo hivyo msimu baada ya msimu, akiamini neno la mtaalamu.

Agrippina na Nunzio walifunga ndoa tarehe 14 Septemba 1996. Msimu ulipoanza, Agrippina alimpelekea mumewe chakula shambani, akakuta vidole vyake ni vyeupe pe.

“Una nini mikononi?”

“Baridi tu, mke wangu.”

“Na hii mashine? Mbona siyo niliyopima?”

“Ile ilikuwa ya wageni! Uje umependeza vile, nikupe hili kopo bovu?”

Alipima palepale. “Zima.”

“Nizime, na nusu ya shamba bado?”

“Zima, Nunzio, au leo nalala kwa mama.”

Akazima, lakini vidole vilikuwa vimeshakufa ganzi kwa mtetemo, na havikupona tena. Agrippina alilia sana. Tangu siku hiyo alizuru mashamba bila taarifa, akidai mashine iliyochakaa kuliko zote. Wavunaji walikuwa wakitania, “Jificheni, mama mkwe huyo!”

Machi 2019 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alifariki nyumbani tarehe 6 Juni, Nunzio akiwa amemshika mkono tangu adhuhuri. Jioni binti yao, Nella, aliingia na kahawa, akamgusa mama yake shavuni.

“Baba, mama ameshaondoka.”

“Hapana, mwanangu. Si nimemshika?”

Vidole vyake havikuweza kumwambia kwamba mkono ule ulikuwa umepoa.

Ameacha mume, Nunzio, binti, Nella, na dada yake, Santina.

Pumzika, Agrippina wetu. Amani ya Bwana ikufunike.