Kazi ya Egidi

Ndani ya bajaji ya kwenda Ruhuwiko, Oliva aliisonya simu yake mpaka kijana aliyekaa kando akachungulia. Lilikuwa gemu la kujenga kwa matofali. Kizimba kinachozalisha mazimwi kilikuwa kimegoma, na mifupa ya mazimwi ndiyo mbolea ya shamba lake la humo kwenye gemu.

“Umeweka taa mle?” kijana akauliza. “Mazimwi yanataka giza.”

“Giza lipo tele, kaka. Yalikuwa yanatoka vizuri mpaka nilipomwondoa mdogo wangu. Tulikuwa tunacheza wote, lakini mimi nalima, Egidi kakaa tu juu ya kizimba kutwa nzima.”

Kijana akacheka kidogo. “Dada, kizimba hakizai mpaka mtu awe karibu. Ndiye aliyekuwa anakuzalishia.”

Oliva akaizima simu. Alikuwa amemwita Egidi kupe, tena mbele ya wageni pale nyumbani. Egidi alijibu, “Sawa, dada,” akaenda zake Nalasi kupalilia mikorosho, na tangu hapo hapokei simu.

“Kumbe alijua,” akasema. “Mbona hakuniambia?”

“Ungemsikiliza?”

Bajaji ikasimama. Kijana akashuka bila kungoja jibu, na kusema kweli hakuhitaji kungoja.