Sufuria la Shaba Lililokwenda Njinjo

Alhamdulillahi, ndugu zangu! Semeni nami kwa sauti, msione haya: Alhamdulillahi! Huyu mnayemwona amesimama ni Mwanaidi wa Kivinje, ambaye Mdachi alikuwa karibu kumtia kitanzi, na Mungu akasema hapana.

Mume wangu alipofariki aliniachia nyumba, magunia mawili ya mtama na sufuria kubwa la shaba la kupikia karamu. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani akanikalisha kitako kunifunza mali zangu. Nyumba haihami, akasema. Mtama ni mali ya kuhamishika, lakini ukimpa mtu anaula, hauwezi kurudi ule ule, kwa hiyo huo utaukopesha au utautoa sadaka. Ila sufuria linapika watu wakashiba, kisha linarudi lile lile. Hilo ndilo la kukodisha! Akanionya: "Taja kazi, taja siku, weka shahidi." Nikaitika hewala. Tangu hapo kila arusi ya Kivinje ilipita jikoni kwangu, nikilipwa mchele, wanangu wakala.

Siku moja akaja Bi Somoe kutoka Njinjo, huko bara, binamu wa marehemu mume wangu. "Wifi, naoza binti," akasema, "nitakulipa mchele wa shamba jipya." Ndugu zangu, wifi yako unamdai shahidi? Niliona aibu. Nikamwambia, "Lichukue tu, utalirudisha ukimaliza." Haya hiyo ilitaka kuniua!

Hazikupita siku nyingi, Wamatumbi wakang'oa pamba ya Mdachi na vita vya Majimaji vikawaka. Sufuria halijarudi. Midomo ya mji, mnaijua, ikampelekea akida wa Mdachi habari kwamba shaba yangu inapika dawa ya vita porini. Nikakamatwa.

Akida akaniuliza, ulilitoa kwa kazi gani? Arusi. Nani shahidi? Hakuna. Lirudi lini? Akimaliza. "Basi hukukodisha," akasema, "umewasaidia waasi." Akanipa siku tatu. Sufuria lisipoonekana, napelekwa kwa Bwana Mkubwa. Na sote tulikwisha kuona watu wakitundikwa pale mbele ya boma. Niliogopa, ndugu zangu, niliogopa mpaka nikasahau maneno ya Fatiha! Nikawa nasema tu, "Ya Rabbi, ya Rabbi, wanangu."

Siku ya tatu, adhuhuri, nikasikia kelele langoni. Bi Somoe! Yeye na binti yake, yule bibi arusi mwenyewe, walikuwa wametembea kutoka Njinjo wakipokezana sufuria kichwani, hawajui kabisa kwamba nimefungwa. Walifika nyumbani kwangu, wakaambiwa niko bomani, wakaja moja kwa moja. Askari wamewaelekezea bunduki, naye ananigombeza mimi! "Nisaidie kutua, wifi, shingo inavunjika!"

Kisha akainamisha macho. Kwetu kurudisha sufuria la watu na ukoko ni fedheha kubwa. "Unisamehe sikuliosha," akasema. "Moto wa askari ulitukuta asubuhi ya pili ya arusi, tukakimbilia msituni nalo hivyo hivyo."

Akida akasikia. Akainama, akabandua ukoko kwa kucha, akaunusa, akautafuna.

"Bizari," akasema, amenuna. "Huu ni ukoko wa pilau. Nendeni zenu."

Alhamdulillahi! Lile alilolionea haya Bi Somoe ndilo lililonifungulia mlango. Nikalia, nikacheka, nikaubusu ukoko ule mbele ya askari.

Njiani nikamuuliza, wifi, vyombo vyako umeokoa nini? "Vyangu vimeungua," akajibu. "Ningeokoa vyangu nikaacha chako, ningekutazama kwa uso gani?" Hakuwa na nyumba tena, na mchele wa shamba jipya ulikwenda na moto. Nikamwambia tumelipana. Sasa tunakaa pamoja, na binti yake ana mtoto.

Ndugu zangu, mtegemeeni Mungu! Mimi nilingoja malaika, akanitumia mwanamke aliyevimba miguu. Hakuchelewa. Na wewe uliyekaa hapo, una kitu cha mtu nyumbani kwako, inuka leo ukakirudishe. Hujui ni shingo ya nani inayokingojea.