Begi la Kurudi Lubumbashi

Bwana asifiwe, kanisa! Eee, nyinyi wa nyuma, ngazi zimewamaliza? Bwana asifiwe tena! Najua lifti ya jengo hili imekufa, lakini msinitazame mimi. Mimi ni injinia wa mitambo ya baridi, lifti siyo yangu.

Ndugu zangu, mnaona nimekuja mbele na begi. Subirini, nitalifungua.

Mnanijua, Baba Neema wa Malvern. Nilisomea uinjinia Lubumbashi, na hapa Johannesburg nikaajiriwa na kampuni ya mitambo ya baridi, mpaka ikapunguza watu na mimi nikawemo. Nikawa mlinzi wa geti. Kulinda geti si aibu, kumewalisha wengi humu ndani. Lakini na mkataba wa geti ukaisha. Eish! Mama Neema akaniambia kwa upole, "Baba Neema, acha mimi na watoto turudi Lubumbashi kwa mama. Wewe baki utafute." Watoto wenyewe wanaongea Kiingereza na Kizulu, bibi yao watamwambia nini? Mama Neema akapanga nguo zao kwenye begi hili, akaliweka nyuma ya mlango. Nikitoka nalipita, nikirudi nalikuta. Nililia, ndugu zangu. Mwanaume mzima!

Mnajua desturi yetu. Jumapili ya kwanza ya mwezi, wanaotafuta kazi tunaleta bahasha za CV madhabahuni, mchungaji anaziombea. Yangu ilichakaa mpaka mashemasi wakaitambua kwa mbali. Kwetu injinia ni mtu wa kampuni kubwa, unaamka asubuhi, basi la kampuni linakuchukua. Baba zetu waliishi hivyo. Basi na mimi niliomba hivyo hivyo, Bwana nipe mwajiri. Sikuomba kingine kwa sababu sikujua kama kingine kipo.

Jumapili moja nashuka ngazi hizi, Mama Zawadi akanishika mkono. Yule pale, anayeuza samaki wa barafu, tomsoni, barabara ya Jules. "Injinia, chumba changu cha baridi kimekufa tena. Mafundi wananibadilishia kompresa, umeme ukikatika na kurudi, inaungua. Samaki wangu wataoza!"

Nikamwambia, "Pole Mama, lakini mimi natafuta kazi."

Akanikazia macho. "Na hii ni nini, Papa? Si kazi?"

Haleluya! Nilikwenda na suti yangu ya kanisani. Samaki tukawahamishia kwa jirani yake mwenye bucha, kompresa ikapatikana nyingine. Lakini ugonjwa haukuwa kompresa. Umeme ukirudi unarudi kwa vurugu, na mtambo ulikuwa unawaka papo hapo. Nikafunga kifaa kidogo cha kuuchelewesha mtambo, usubiri kwanza umeme utulie. Tukiwa bado pale, umeme ukakatika! Mama Zawadi akaanza kuomba kwa sauti, mimi kimoyomoyo. Ukarudi. Kompresa kimya. Mama Zawadi akanitazama vibaya. Halafu ikaunguruma! Alipiga vigelegele mpaka wenye maduka wakatoka nje.

Mwenye bucha akasema, njoo na kwangu. Halafu mwingine wa mtaa wa Observatory. Nikawa na wateja kabla sijawa na kampuni! Nikamtafuta mwenzangu wa kazi ya zamani, fundi umeme mwenye leseni, naye alikuwa amekaa nyumbani. Tukaandikisha kampuni, watu wawili tu.

Vifaa vikawa vingi, sina pa kuvibebea. Mama Neema akaenda nyuma ya mlango, akafungua begi, akatoa nguo za watoto, moja moja, akazirudisha kabatini. Akanipa begi tupu. Ndugu zangu, nilipumua! Nilikaa kitandani nikapumua kama mtu aliyetua gunia la mahindi. Asante, Yesu!

Sasa nasema na mainjinia. Mpo humu, nawajua, wa migodi, wa barabara, wa umeme. Sisemi uache kazi yako kesho, usije ukamwambia mkeo Baba Neema ndiye kanituma! Kuna miezi simu hailii, na bado naogopa. Lakini tazama kinachowasumbua watu wa mtaani kwako, jiulize kama ulisomea hicho. Anza na mmoja. Fanya mpaka apige vigelegele.

Haya, begi ndilo hili, nalifungua. Spana, geji, koleo. Leo ni Jumapili ya bahasha na mimi sina bahasha. Mchungaji, naomba uniombee hivi vyuma.

Na wewe ndugu yangu mwenye bahasha, ilete, iwekwe hapa, Bwana anaiona. Mtumaini, hajamsahau mtu. Ila ukishuka ngazi, mtu akikushika mkono, tafadhali, usimwambie unatafuta kazi.